Eti mabao 21 kwa mwezi yanazuia saratani ya tezi dume, kuna ukweli au jamaa wanatafuta kibali kwa wake zao?

Kapteni Ngalawa
Wakuu kwema. Leo mchana tumekaa kwa mama lishe, jamaa mmoja wa stoo katoa hoja watu wakaacha kula. Kasema wazungu wa Harvard wamethibitisha mwanaume akifikisha mabao 21 kwa mwezi saratani ya tezi dume inashuka kwa asilimia 80. Kaongea kwa kujiamini mpaka mzee wetu mmoja anayestaafu mwakani akachomoa kalamu akaandika nyuma ya risiti.
Mimi nina miaka 47, baba yangu mdogo kaondoka na huu ugonjwa mwaka juzi, kwa hiyo nacheka ila moyoni sicheki. Ni kweli? Na kama sio, mtu abadilishe nini kwenye maisha ya kila siku, chakula, mazoezi, pombe, usingizi? Wajuzi shukeni.

Kijiti cha Mwisho
Februari inakuwaje, tunalipia deni Machi?

Bint wa Chumbageni
Mmetuuliza na sisi? Hizo 21 mnapigia wapi? Wangu anarudi saa tano usiku foleni ya Mbagala imemmaliza, analala na soksi. Siku akinitajia Harvard namkabidhi beseni la nguo.

Kijiti cha Mwisho
@Bint wa Chumbageni utafiti haukusema lazima uwe na wewe hahaha

Mchambuzi wa Stendi
Kapteni jamaa yako wa stoo kasikia kengele hajui iko wapi. Utafiti upo kweli ila sio asilimia 80, ni kama 20. Ulitoka mwaka 2016, uliwafuatilia wanaume karibu elfu 32 toka 1992 hadi 2010, wote wa Marekani, watu wa kada za afya, madaktari wa meno, wafamasia, mpaka madaktari wa mifugo. Waliulizwa walikuwa wanamwaga mara ngapi kwa mwezi walipokuwa na miaka ya 20, walipokuwa na miaka ya 40, na mwaka wa karibuni. Waliosema 21 na kuendelea wakalinganishwa na waliosema mara 4 hadi 7. Hapo ndo ilipotoka 20.
Sasa asilimia 20 ya nini, hapa ndo watu wanapigwa. Chukua wanaume 100 wa kule Marekani, kama 12 au 13 hivi watakuja kukutwa na hii saratani maishani. Ukipunguza asilimia 20 wanabaki 10. Yaani umeokoa wawili watatu, sio 20 kati ya 100. Na nafuu yenyewe ilionekana zaidi kwenye zile saratani za polepole, sio zile kali zinazoua.
Halafu ni kuulizwa tu, hakuna aliyekaa chumbani kwa mtu na daftari. Mwanaume ukimuuliza alikuwa anapiga ngapi akiwa na miaka 25 unategemea akupe hesabu ya kweli?

Mzee wa Kigoma
Naunga mkono hoja, mimi nikiulizwa hiyo ya miaka 25 nasema 60.

Fundi Bomba Tandika
Kitaalam inaingia akilini lakini. Tezi ni kama bomba, maji yakikaa muda mrefu yanaota kutu. Ukifungulia mara kwa mara uchafu unatoka. Mimi nafanya hii kazi miaka 15, bomba lisilotumika ndo linaloziba.

Mchambuzi wa Stendi
@Fundi Bomba Tandika hiyo dhana ipo kweli, kuna wanaosema majimaji yakilala kwenye tezi yanaleta madhara. Ila wengine wanaigeuza: anayefanya mara 21 ndo mwenye afya tangu mwanzo, halali njaa, hana kisukari, hana msongo. Kwa hiyo ni bao lililomlinda au afya yake ndo iliyomletea mabao? Kuku na yai.

Padre Hajasikia
Kwa hesabu hiyo mapadre wote wangekuwa wameisha.

Nesi Mstaafu
Habarini wanangu. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji wanaume miaka 22, nimewatoa wengi mkojo kwa mpira. Acheni niseme machache kabla uzi haujaingia kwenye matusi.
Kwanza Padre Hajasikia hapo umechekesha ila kuna jambo. Hii saratani inalishwa na homoni ya kiume. Daktari mmoja Charles Huggins mwaka 1941 alionyesha kwamba ukimtoa mgonjwa kokwa saratani inanywea, na mwaka 1966 akapewa Nobeli. Mpaka leo kwenye hospitali zetu tunatoa kokwa wagonjwa ambao imeshasambaa, wengine wanachomwa sindano ya kuzima hiyo homoni.
Pili, mambo makubwa matatu huwezi kuyabadilisha: umri, ukoo na asili. Chini ya miaka 40 ni nadra, ikipita 50 inapanda. Baba au kaka wa tumbo moja akiwa nayo hatari yako ni mara mbili au zaidi. Na sisi weusi tumo hatarini zaidi, huko Marekani wanaume kwa ujumla ni 1 kati ya 8, weusi ni 1 kati ya 6.
Ya kubadilisha yapo ila ushahidi wake una ngazi. Wenye nguvu kidogo ni kitambi na sigara. Unene unahusishwa na ile saratani kali, na mvutaji akiipata hatari ya kufa nayo ni kubwa kuliko asiyevuta. Mengine nyanya, kahawa, samaki, bado watu wanavutana.

Kijiti cha Mwisho
Kwa hiyo Nesi kinga ya uhakika ni kuhasiwa? Mleta mada chagua, 21 au sifuri.

Kapteni Ngalawa
Hahaha nyie watu. Asante Nesi na Mchambuzi. Baba mdogo anahesabika kwenye ukoo?

Nesi Mstaafu
Anahesabika ila uzito wake ni mdogo kuliko baba au kaka. Mwambie daktari hivo hivo, na mwambie alikuwa na umri gani alipogundulika. Akiwa chini ya 60 ni jambo la kuzingatia zaidi.

Chuma Chakavu
Mjomba wangu ana tezi dume mwaka wa tatu huu anatumia mbegu za maboga na anaendelea vizuri tu.

Bint wa Chumbageni
Na wewe unayo mkuu, labda kama ni mwenzetu

Chuma Chakavu
??

Mchambuzi wa Stendi
Anamaanisha tezi dume ni kiungo sio ugonjwa, kila mwanaume kazaliwa nacho, kiko chini ya kibofu kinazunguka njia ya mkojo. Ugonjwa ni kuvimba kwa tezi dume, au saratani ya tezi dume, na hivyo ni vitu viwili. Kuvimba kwa uzee hakugeuki kuwa saratani, ila mtu anaweza kuwa navyo vyote. Mjomba wako inawezekana ni uvimbe wa kawaida, mbegu za maboga kuna watu zinawapunguzia kuamka usiku kidogo. Kuzuia saratani ni habari nyingine.

Chuma Chakavu
Sawa mkuu nimejifunza, ila nilikuwa siulizi nilikuwa nachangia

Mtoto wa Tangawizi
Mimi sicheki huu uzi ngoja niwape ya baba yangu. Mzee ni mkulima wa tangawizi kule milimani Same. Hajawahi kuvuta, pombe hapana, kitambi hana, anapanda na kushuka mlima kila siku na gunia. Ukitafuta mtu mwenye maisha safi ndo yeye. Mwaka fulani akaanza kuuma mgongo, chini huku kwenye kiuno. Tukasema kilimo. Zahanati wakasema baridi yabisi, anachomwa sindano ya maumivu, anakaa wiki mbili, anarudi tena, miezi minane hiyo. Mkojo ulikuwa unatoka vizuri, hajawahi kulalamika mkojo, hicho ndo kilichotupumbaza wote.
Siku moja asubuhi mama ananipigia anasema baba yako kakaa kitandani anaangalia miguu yake. Anaiangalia tu, anaiambia twende, haiendi. Tukamshusha kwa machela ya miti mpaka barabarani. Hospitali kubwa wakapima damu ile PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, kipimo cha kawaida watu wanasema 4, ya mzee ilipita 100. Ilishaingia kwenye mifupa ya mgongo. Wakamfanyia ile aliyosema Nesi, ya kutoa kokwa. Aliulizwa na daktari mwenyewe, akajibu zimeshafanya kazi yake, watoto saba. Baada ya mwezi na nusu akasimama, sasa anatembea na mkongojo, shambani anafika anakaa kwenye jiwe anatuelekeza.
Kwa hiyo mnaponiambia mazoezi na kitambi mimi nawasikiliza tu.

Kapteni Ngalawa
Dah. Pole sana mkuu. Hiyo ya mkojo kutoka vizuri imenishtua.

Nesi Mstaafu
Pole mwanangu, na mpe baba salamu. Hilo la mkojo ni kweli kabisa, saratani mara nyingi inaanzia upande wa nje wa tezi, mbali na njia ya mkojo, kwa hiyo mtu anakojoa kama kawaida mpaka imeshatoka nje. Anayesubiri mkojo ukatike ndo aende kupima kachelewa. Mzee wa miaka 60 anaumwa mgongo hauponi, aulizwe na hili pia.

Afya Tele Daima
Poleni sana wanafamilia. Suluhisho lipo, kampuni yetu ina vidonge vya vitamini E na seleniamu kutoka nje vinasafisha tezi dume ndani ya siku 90 na kuzuia saratani KABISA. Dozi kamili ni laki tatu na nusu tu, punguzo wiki hii. Wasiliana nami [namba imeondolewa na moderata]

Mchambuzi wa Stendi
Asante kwa kujileta mwenyewe, nilikuwa nakutafuta. Hivyo vitu viwili ulivyovitaja vilishajaribiwa huko Marekani na Kanada kwa wanaume zaidi ya elfu 35, wakaanza 2001, wengine wanapewa vitamini E, wengine seleniamu, wengine vyote viwili, wengine vya danganya toto. Mwaka 2008 wakasimamisha kwa sababu hakuna faida. Walipoendelea kuwafuatilia, mwaka 2011 wakatoa majibu: waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume ZAIDI kwa asilimia 17. Zaidi sio pungufu. Sasa wewe unamuuzia mtu laki tatu na nusu kuongeza.

Afya Tele Daima
Hizo ni za wazungu zetu ni za mimea asilia

Kijiti cha Mwisho
Umesema kutoka nje, mimea asilia ya wapi?

Tairi Kumi na Nane
Wakuu mimi dereva wa masafa, Dar Tunduma mpaka Lubumbashi. Siku tatu nimekaa tu. Mkojo tunamalizia kwenye chupa, mara nyingine unabana mpaka Mikumi upite kwanza maana huwezi kushuka pale mnyama yupo. Wenzangu wengi wanasema sisi madereva ndo waathirika wakubwa, kukaa na joto la injini na kubana mkojo. Kweli?

Nesi Mstaafu
Kubana mkojo kutakuletea maambukizi na kibofu kulegea, ila kwamba kunaleta saratani hilo halijathibitika. Kukaa kutwa kunakuja na unene, na unene nimeshausema. Punguza chipsi mayai za njiani mwanangu, na ukifika mzani tembea hata nusu saa.

Tairi Kumi na Nane
Nusu saa kwenye mzani nitaitwa mtoro. Ila nimekusikia mama.

Jogoo wa Uasin Gishu
Wadau salamu kutoka Eldoret. Mimi nataka kumjibu Mtoto wa Tangawizi kwa heshima, pole kwa mzee. Mazoezi si ati yanazuia usipate, hiyo ushahidi wake ni mwepesi. Penye kuna kitu ni kwa wale tayari wako nayo. Kuna utafiti wa 2011, wanaume wenye saratani ya prosteti ambayo haijasambaa, wale walikuwa wanafanya mazoezi ya kutoa jasho angalau masaa matatu kwa wiki, kufa na hiyo ugonjwa ilikuwa chini kwa kama asilimia 60 ukilinganisha na wenye hawafanyi hata lisaa limoja. Kukimbia, baiskeli, kuogelea. Saa labda mzee kupanda huo mlima ndio imemweka mpaka leo anakaa kwa jiwe anawapa amri.

Mtoto wa Tangawizi
Hilo sikuwahi kulifikiria mkuu, ila yake ilikuwa imeshasambaa

Padre Hajasikia
Na hao wa mazoezi si yule yule mgonjwa mwenye nguvu ndo anayeweza kukimbia? Aliyezidiwa atakimbiaje? Kuku na yai tena.

Mchambuzi wa Stendi
@Padre Hajasikia umeelewa somo kuliko wote humu.

Mie wa Darajani
Asalaam alaykum. Mie niko Maskati mwaka wa kumi na mbili sasa, kwetu Unguja. Nilisoma kwamba kahawa inakinga, tena waliosema hivo ni hao hao Harvard, na hao wanaume ni wale wale wa mabao. Wanaokunywa vikombe sita kwa siku na zaidi hatari ya ile saratani ya kuua ilikuwa chini kwa asilimia 60, na hata ile iliyotolewa kafeini inafanya kazi, kwa hiyo si kafeini. Sasa sisi barazani sita ni ya kabla ya adhana ya isha.

Kijiti cha Mwisho
Kumbe wale wale?? Basi siri imefichuka. Vikombe sita vya kahawa hawalali usiku, na asiyelala atafanya nini mpaka asubuhi. 21 zimetokea hapo.

Bint wa Chumbageni
Nimecheka nimemwaga chai

Mzee wa Kigoma
@Mie wa Darajani kikombe cha barazani ni kile kidole gumba kinazama kikajaa. Muuza kahawa anakimimina kwenye birika la makaa, unapiga mafunda matatu na kashata kimeisha. Kikombe cha Mmarekani ni kama kopo la kuogea. Sita za kwao ni thelathini za kwako.

Mie wa Darajani
Thelathini na kashata thelathini, tezi itapona kisukari kitanizika. Huku Maskati kahawa na tende, na halua, na gari mpaka dukani mita mia mbili kwa sababu ya joto. Mie nilikuja na kilo 68 sasa hivi 97. Nilivomsoma bi Nesi hapo juu juu ya kitambi nimezima simu, nimeiwasha tena.

Shamba la Nyanya Ilula
Wote mmeruka nyanya na mimi ndo mkulima wake. Tangu 1995 inajulikana nyanya zina ile rangi nyekundu, laikopini, inakinga tezi dume. Kuleni nyanya mtuungishe.

Mchambuzi wa Stendi
Na hiyo ya 1995 ni ya wale wale tena hahaha, hao wanaume walianza kufuatiliwa 1986 wakiwa zaidi ya elfu 51, wamekula vya kutosha. Ni kweli waliokula vyakula vya nyanya mara kumi kwa wiki na zaidi walikuwa na hatari pungufu kwa kama theluthi moja. Lakini mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipekua tafiti zote ikasema ushahidi wa nyanya ni mdogo sana, na wa laikopini ya vidonge hakuna kabisa. Kwa hiyo kula nyanya kwa sababu ni mboga.

Shamba la Nyanya Ilula
Theluthi moja unasema ndogo? Tenga lishuke bei kwa theluthi moja uone nitakavyolia.

Mama Lishe Msomi
Jamani nyanya mbichi ya kachumbari na ya kupikwa si sawa. Ile rangi inatoka ikipikwa, na inahitaji mafuta ndo mwili uipokee. Rosti ndo yenyewe. Mafuta, kitunguu, nyanya unaziacha zivunjike mpaka mafuta yapande juu yawe mekundu. Huo wekundu unaouona kwenye mafuta ndo wenyewe. Tatizo wateja wangu wanataka rosti juu ya chipsi na kitimoto nusu kilo.

Fundi Bomba Tandika
Usitaje kitimoto kuna watu tumefunga

Wa Longido
Kwetu maziwa ni maji. Nimesikia wanasema maziwa yanaleta hii kitu, ni kweli au ni wivu?

Nesi Mstaafu
Kuna tafiti za huko zilionyesha wanaotumia kalsiamu nyingi mno, kama miligramu 2000 kwa siku, hatari inapanda, na wataalam hawajakubaliana. Glasi ya robo lita ina kama 300. Piga hesabu yako mwenyewe mwanangu, ni glasi karibu saba kila siku.

Wa Longido
Saba ni asubuhi mama

Chuma Chakavu
Mbona wazee wa zamani hawakuwa na haya magonjwa? Walikula mihogo, mlenda, maziwa hayo hayo, wake watatu wanne. Ni vyakula vya mafuta na kuku wa wiki tano ndo vimetuharibu.

Mzee wa Kigoma
Hawakuwa nayo au hawakupimwa? Babu yangu mzaa baba alikufa mkojo umeziba siku nne, tumbo limejaa kama ngoma. Ukoo ukasema karogwa na jirani wa mpakani, mpaka leo hatuzikani na hao watu. Nikikaa nikifikiria nasikia aibu, jirani wa watu pengine ilikuwa tezi.

Mchambuzi wa Stendi
Dah mzee, hiyo kali. Ila Chuma Chakavu naye ana ka pointi. Wajapani wakiwa kwao hii saratani ilikuwa chache sana, waliohamia Hawaii na Marekani na watoto wao ikapanda, damu ni ile ile. Kwa hiyo kuna kitu kwenye maisha. Kitu gani ndo watu wanagombania miaka yote hii: soya, chai, nyama, mafuta, mwili kuwa mkubwa, au tu kule wanapima sana wanazipata nyingi.

Chuma Chakavu
Leo nimepata pointi ya kwanza humu nawashukuru

Mzee wa Kigoma
Sisi upande huu wa ziwa tunamkumbuka Mobutu, yule rais wa Zaire, Kongo ya sasa. Agosti 1996 yuko Lausanne anapasuliwa tezi dume, Oktoba huku mashariki vita imeshawaka, yeye yuko Ulaya anauguzwa. Mei 1997 nchi imeondoka, Septemba kafa Rabat ana miaka 66. Hela ya kununua hospitali nzima alikuwa nayo.

Padre Hajasikia
Mandela naye alitibiwa hiyo hiyo 2001, akaishi mpaka 95. Askofu Tutu wa huko huko Afrika Kusini aligundulika 1997, mwaka ule ule Mobutu anakufa, kaondoka 2021 na miaka 90. Mandela alikuwa mtu wa mazoezi toka gerezani anakimbia palepale chumbani, na bado ilimpata.

Jogoo wa Uasin Gishu
Ilimpata ndio lakini haikumuua. Narudi kwa pointi yangu.

Padre Hajasikia
Au alipimwa mapema kwa sababu ni rais mstaafu. Narudi kwenye yangu.

Stafeli Original
Majani ya mstafeli chemsha kunywa kutwa mara tatu. Yana nguvu mara elfu kuliko mionzi. Mjadala ufungwe.

Nesi Mstaafu
Hiyo mara elfu haina ushahidi mwanangu, kilichoonekana ni kwenye chupa ya maabara, sio kwenye mtu. Na kule kisiwa cha Guadeloupe wanakokunywa sana hayo majani na kula tunda lake, madaktari waliona wagonjwa wengi wa kutetemeka na kukakamaa kama Parkinson wakaanza kulishuku. Tunda kula, ni tamu. Kutwa mara tatu mwaka mzima, mimi simpi mgonjwa wangu.

Kapteni Ngalawa
Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili. Mrejesho: leo nimeenda kupima. Nilikuwa naogopa ile ya kidole nimejiandaa kisaikolojia toka juzi, kufika wakasema wanaanza na damu. Nimelipa, nimetoa mkono. Kijana wa maabara ananiuliza, siku mbili zilizopita umekutana na mwanamke? Au umeendesha baiskeli sana? Nikamwambia jana usiku. Akaweka sindano chini. Eti inaweza kupandisha PSA ya uongo, nirudi baada ya masaa 48 nikiwa nimetulia.

Kijiti cha Mwisho
Yaani uzi wa kuhimiza mabao mleta mada kafukuzwa maabara kwa sababu ya bao hahahahaha nakufa mimi

Bint wa Chumbageni
Hiyo jana usiku ilikuwa ya ngapi?

Kapteni Ngalawa
Ya tatu mwezi huu na leo ni tarehe 19

Mie wa Darajani
Wallahi hata zile nne za chini hujafika

Nesi Mstaafu
Mwacheni mtu kaenda kupima. Na ya kidole usiikimbie wakikuambia, ni dakika moja, kuna saratani PSA yake iko chini na kidole ndo kinaigusa. Majibu yakiwa juu usikimbilie kulia, maambukizi nayo yanapandisha, na uvimbe wa kawaida. Watarudia, ikibidi picha, kisha ndo wachukue kinyama cha tezi wakakipime.

Kapteni Ngalawa
Sawa mama. Narudi Ijumaa saa mbili. Yule mzee wetu anayestaafu kaniambia ananisindikiza, anataka naye kupima ila hataki mkewe ajue. Bado ana ile risiti mfukoni.

Tairi Kumi na Nane
Mkuu hiyo maabara iko upande gani, Jumamosi napakia Ubungo

Mama Lishe Msomi
Na mje kula rosti mkitoka